Ukungu, Kuvu na Spora: Kasoro za Istilahi katika Maandishi Yahusuyo Hewa ya Jikoni

Madhumuni ya makala haya ni kuzichunguza baadhi ya istilahi zitumikazo siku hizi katika maandishi ya afya ya nyumbani, hasa yale yahusuyo hewa ya jikoni na zile chembe ndogo za kuvu zieleazo ndani yake. Huenda msomaji akaliona jambo hili kuwa dogo mno kuletwa katika jarida la lugha. Atasema kwamba mambo ya jiko yana wapishi wake, na mambo ya kuvu yana wataalamu wake wa elimu ya viumbe. Walakini istilahi ni chombo cha kazi, na chombo kibovu humdhuru yule akitumiaye kabla hakijamwaibisha yule aliyekiunda. Katika uhakiki huu nitajaribu kuonyesha kwamba madhara hayo si ya kubuni, na kwamba mimi mwenyewe nina sehemu yangu ya lawama.

Miaka michache iliyopita niliombwa na afisa mmoja wa ugani nikipitie kipeperushi cha mafunzo kabla hakijapigwa chapa. Kilikuwa na kurasa nne, nacho kilieleza hatari ya kuvu katika majiko ya nyumbani. Nilikipitia kwa jioni moja. Nilisahihisha upatanisho wa kisarufi, nikapunguza maneno yaliyorudiwa, nikatia alama za mkato mahali palipostahili, kisha nikakirudisha nikiwa nimeridhika. Baadaye nikaalikwa kuhudhuria darasa la watu wazima huko Lushoto, na kipeperushi kile kikasomwa kwa sauti mbele yangu. Sentensi yake ya kwanza ilisema kwamba ukungu ulioko jikoni ni hatari kwa mapafu, na kwamba madirisha yafunguliwe mapema asubuhi ili ukungu utoke.

Mama mmoja wa makamo akainua mkono akasema, “Mwalimu, huku kwetu tukifungua dirisha asubuhi ndipo ukungu unapoingia.”

Darasa zima likacheka, nami nikacheka pamoja nao. Kila aliyepata kukaa katika milima ya Usambara wakati wa baridi anajua kuwa mama yule alisema kweli tupu. Kisha baba mmoja akauliza, “Na hizo fangasi, si za miguuni? Hewani zimefikaje?” Tukacheka tena. Lakini baada ya darasa mama yule alinichukua nikaone jiko lake, na huko kicheko kilinitoka. Juu ya dari, kwenye uchaga, palikuwa na mahindi yaliyoota uoto wa rangi ya kijani kibichi na manjano. Yeye alikuwa ametii. Kwa majuma kadhaa alikuwa akifungua dirisha alfajiri, na ukungu wa mlimani ulikuwa ukiingia na kuyalowesha mahindi yale. Nilimwuliza atayafanyaje. Akajibu kuwa atayapangusa, atayasaga, na moto utamaliza kilichobaki, maana kipeperushi kilisema kuwa “vijidudu vya ukungu hufa kwa moto”. Sentensi hiyo pia niliipitisha mimi, na upatanisho wake wa kisarufi ulikuwa hauna kasoro.

NENO UKUNGU

Katika Kiswahili neno ukungu hubeba maana zisizopungua tatu. Kwanza ni ule mvuke mzito utandao juu ya ardhi wakati wa baridi na kuyazuia macho yasione mbali. Pili ni ule uoto laini, kama sufi au vumbi, utokeao juu ya mkate uliolala, juu ya ukuta wenye unyevu, au juu ya ngozi ya kiatu kilichofungiwa sandukuni. Tatu ni ile hali ya macho kutoona sawasawa. Maana zote hizi zimejengwa juu ya fikra moja: kitu chepesi kitandacho juu ya kingine na kukificha. Kwa mshairi huo ni utajiri. Kwa mwandishi wa maelekezo ni mtego, kwa sababu msomaji huichagua ile maana iliyo karibu na maisha yake. Mtu wa Lushoto huchagua mvuke, na mtu wa mwambao, ambaye nguo zake huharibika kabatini wakati wa masika, huchagua uoto. Karatasi ni ile ile, lakini maelekezo yamekuwa mawili.

Lugha yetu haikukosa maneno mengine. Katika kamusi za zamani tunayakuta kawa na koga, yote mawili yakitajwa kwa maana ya uoto wa namna hiyo. Kwa bahati mbaya kila moja lina pacha wake. Kawa ni pia kile kifuniko cha ukili kifunikacho chakula, na hivyo mwandishi atakayesema “chakula kimepata kawa” ataeleweka kuwa chakula kimehifadhiwa vema, hali yeye alikusudia kwamba kimeharibika. Koga nalo ni uchafu wa meno; kwa wengine ni kuoga, na kwa wengine ni kuringa. Hivyo basi sioni kwamba tunaweza kuyarudisha maneno haya katika kazi ya kitaalamu.

Pendekezo langu si kulitupa neno ukungu. Watu wanalo, na neno la watu halifutwi kwa tangazo. Ninalotaka ni kwamba katika maandishi ya mafunzo lisiachwe peke yake. Liandikwe “ukungu wa mahindi”, “ukungu wa ukutani”, “ukungu wa mkate”, na ule mwingine uitwe “ukungu wa hewani” au “mvuke”, kadiri maana inavyodai. Neno moja la nyongeza lingetosha kuyaokoa yale mahindi ya uchagani.

KUVU NA FANGASI

Kundi zima la viumbe hawa wataalamu wetu wameliita kuvu. Ndani ya kundi hili umo uyoga tunaoula, imo hamira tunayoumulia maandazi, na umo ukungu wa mkate na wa nafaka. Kando ya neno hilo limeingia neno fangasi, lililotoholewa kutoka lugha za Ulaya, nalo limeenea upesi kwa sababu lilikuja pamoja na dawa. Mtu alikwenda kununua dawa ya muwasho wa vidoleni akaambiwa kuwa ana fangasi. Tangu siku hiyo fangasi ni ugonjwa, tena ugonjwa wa sehemu zisizotajwa hadharani. Ndiyo maana baba yule wa Lushoto alishangaa kusikia kwamba fangasi zinaruka jikoni. Hakuwa mjinga. Alilitumia neno kama alivyofundishwa na wale waliolileta.

Ni ajabu kwamba hata katika uwanja wa maradhi neno hili halikuwa na dharura. Tulikuwa na choa na mapunye tangu zamani, na kila mama alijua tofauti yake. Hata hivyo sipendekezi kupigana na neno lililokwisha shinda. Libaki kwa maradhi ya ngozi. Kwa viumbe wenyewe, na kwa chembe zao zieleazo hewani, litumike kuvu.

Neno kuvu limekwisha kuonyesha uwezo wake wa kuzaa. Katika miaka ya karibuni Tanzania imelieneza neno sumukuvu miongoni mwa wakulima wa mahindi na karanga, na hapana shaka kwamba ni moja katika istilahi zilizofaulu. Ni fupi, hutamkika bila taabu, na maana yake imo ndani ya sehemu zake mbili. Lakini sifa haizuii uhakiki. Kwa asili sumukuvu ni jina la jumla la sumu zote zitengenezwazo na kuvu. Aflatoksini ni mojawapo, fumonisini ni nyingine, na zote mbili hupatikana katika mahindi. Katika vipeperushi vingi, hata hivyo, sumukuvu imekuwa jina la aflatoksini peke yake. Siku atakapotokea mkulima mwenye mahindi yaliyopimwa na kukutwa hayana aflatoksini lakini yana fumonisini, tutamwambia nini? Ni afadhali jina la jumla libaki la jumla, na sumu maalumu ziitwe kwa majina yao yaliyotoholewa.

Tena historia ya jina aflatoksini ina funzo kwa watu wa istilahi. Mwaka 1960 huko Uingereza batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa maradhi yasiyojulikana, na uchunguzi ukaonyesha kuwa walilishwa karanga zilizoota kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Jina la sumu likaundwa kwa kuunganisha vipande vya jina la kuvu huyo na neno la kigeni lenye maana ya sumu. Ndiyo njia ile ile iliyotupatia neno ukimwi. Nalo jina Aspergillus lilitolewa mwaka 1729 na Pier Antonio Micheli wa Italia. Alikuwa padri, na alipoitazama kuvu hiyo kwa hadubini aliona umbo linalofanana na kile chombo cha kunyunyizia maji ya baraka kanisani. Alikipa kiumbe kigeni jina la kitu kilichokuwa mikononi mwake kila siku. Mtu akituambia kuwa lugha ya jikoni si ya kisayansi, tumkumbushe Micheli.

SPORA, MBEGU AU VIJIDUDU?

Sasa tufike kwenye chembe zenyewe. Kuvu nyingi huzaliana kwa kutoa chembe nyepesi zisizoonekana kwa macho matupu. Zile za Aspergillus na Penicillium, zipatikanazo sana majumbani, aghalabu huwa na upana wa kati ya sehemu 2 na 5 za elfu za milimita, ambapo unywele wa binadamu huwa na takriban sehemu 70. Kwa wepesi huo huweza kuelea kwa muda mrefu katika hewa tulivu, na zile ndogo zaidi hufika ndani kabisa ya mapafu. Chembe ya namna hiyo ndiyo iliyotua katika sahani ya maabara ya Alexander Fleming jijini London mwaka 1928, na kutokana nayo ikapatikana penisilini. Zenyewe hazina nia njema wala mbaya. Zinatafuta mahali penye unyevu na chakula, na jiko lina vyote viwili.

Vipeperushi vyetu huziita chembe hizi kwa majina matatu. Jina la kwanza ni vijidudu. Hili naliona kuwa baya kuliko yote. Mtu akiambiwa kuna vijidudu katika mahindi, hutafuta dawa ya wadudu. Dawa hiyo haiui kuvu, na huongeza sumu ya pili juu ya ile ya kwanza. Tena neno hili humfanya msomaji adhani kwamba kikifa kidudu, hatari imekwisha. Hapo ndipo kipeperushi nilichokipitisha kilipokosea vibaya. Ni kweli kuwa moto wa kupikia huua kuvu na chembe zake. Lakini aflatoksini iliyokwisha kutengenezwa ndani ya punje huvumilia joto la kawaida la mapishi, nayo hubaki katika ugali.

Gharama ya kosa hilo tunaijua. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa katika wilaya za Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye aflatoksini, na 125 kati yao wakafa. Mwaka 2016 maafa ya aina hiyo yalitokea Tanzania katika mikoa ya Dodoma na Manyara; wagonjwa 68 waliandikishwa na 20 wakapoteza maisha. Sisemi kwamba waliuawa na istilahi. Unyevu, upungufu wa chakula na uhifadhi mbaya vilifanya kazi yake. Nasema tu kwamba mtu aliyefundishwa kuwa hatari ni kidudu hufanya kama mama yule alivyokusudia kufanya, tena kwa imani njema.

Jina la pili ni mbegu, au vijimbegu. Hili lina sura ya Kiswahili na huvutia. Kasoro yake ni kwamba mbegu, kwa maana ya elimu ya mimea, ina kiini cha mche na akiba ya chakula, hali chembe ya kuvu kwa kawaida ni seli moja tu au chache. Mwalimu wa sekondari atalazimika kulifuta mwaka wa pili neno alilolifundisha mwaka wa kwanza. Aidha, mbegu hupandwa na mtu. Msomaji atauliza, kwa haki, ni nani aliyeipanda jikoni mwake.

Jina la tatu ni spora. Ni la kigeni, lakini limekwisha kuzoeleka katika masomo ya sayansi, linafuata silabi za Kiswahili kadiri ya kutosha, na halina pacha wa kulichanganya. Naliunga mkono kuwa istilahi. Hata hivyo istilahi pekee haimfundishi mtu afanye nini. Kwa ajili hiyo napendekeza kwamba katika maandishi ya wananchi spora ielezwe mara ya kwanza itajwapo kuwa ni “vumbi la kuvu”. Tafsiri hii si kamili, lakini ina faida moja kubwa. Kila mtu anajua tabia ya vumbi. Huruka likipigwa ufagio mkavu, huingia puani, hutua juu ya chombo kisichofunikwa, na hutolewa kwa kitambaa kibichi. Kwa hiyo atakayeambiwa kuwa ukungu wa ukutani una vumbi lake hatausugua mkavu huku mtoto mwenye pumu amelala pembeni. Neno “vumbi” litakuwa limekwisha kumwonya.

HEWANI, ANGANI NA HEWA TUPU

Kuhusu sifa ya kuelea hewani, waandishi wetu hutofautiana sana. Wengine huandika “spora za angani”. Angani ni juu, kwenye ndege na nyota, na msomaji ana haki ya kufikiri kuwa spora hizo zimeshuka kutoka mwezini. Wengine huandika “spora zilizobebwa na hewa”, kauli ambayo mifupa yake ni ya Kiingereza hata kama nyama yake ni ya Kiswahili. Kuna pia walioandika, kwa kupenda ufupi, “spora hewa”. Hawa wamesahau kwamba katika Kiswahili cha leo kitu hewa ni kitu kisichokuwapo. Taifa zima linawajua wafanyakazi hewa, wale waliokuwa na mishahara bila kuwa na miili. Spora hewa basi zitakuwa spora zilizoandikwa kwenye orodha tu, na mwenye jiko hana haja ya kuhangaika nazo.

Kitenzi kifaacho ni kuelea. Kupeperuka huhitaji upepo, hali jikoni mara nyingi hapana upepo, na hilo ndilo tatizo lenyewe. Tuseme “spora zieleazo hewani”, au kwa lugha nyepesi, “spora zinazoelea hewani”.

UBORA WA HEWA NA NISHATI SAFI

Kipeperushi kilichonileta katika mjadala huu kilikuwa na kichwa “Hali ya Hewa Jikoni”. Darasa lilitabasamu kilipotajwa, na sikuelewa mpaka baadaye. Hali ya hewa ni mvua na jua, na redio hutuarifu habari zake kila siku. Tena mtu akisemwa kuwa “amechafua hali ya hewa”, hatuna haja ya kuuliza zaidi. Istilahi ya haki ni ubora wa hewa, inapokusudiwa hali iwezayo kupimwa, na usafi wa hewa inapokusudiwa jambo la kutunzwa. Maneno haya mawili yasichanganywe. Ubora huenda pamoja na kipimo. Kwa chembechembe laini za moshi kipimo kipo: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Kwa spora hakipo. Shirika hilo, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani, lilikataa kuweka idadi ya kuvu iliyo salama, likashauri kwamba unyevu na ukungu vizuiwe vyenyewe. Kwa hiyo mwandishi asemaye kuwa spora za jikoni “zisizidi kiwango salama” ameazima neno la moshi na kulivika kuvu, na kumwachia msomaji kiwango asichoweza kukitafuta popote.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni nishati safi ya kupikia. Istilahi hii imepata nguvu kubwa tangu Tanzania ilipozindua, mwaka 2024, mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya wananchi kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Lengo lake ni jema bila shaka. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, moshi wa majumbani uliua watu wapatao milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Silalamikii sera hata kidogo. Ninalolihakiki ni neno safi. Usafi wa nishati maana yake ni kwamba nishati haitoi moshi mwingi. Si kwamba hewa ya jiko imekuwa safi kwa kila hali. Gesi iwakapo hutoa mvuke wa maji, na sufuria hutoa mvuke wake. Katika jiko jipya la saruji lenye dirisha lililofungwa, mvuke huo hugeuka matone ukutani, na baada ya muda huonekana madoa meusi ya kuvu pembeni mwa dari.

Aidha, lile jiko la zamani la mafiga, pamoja na ubaya wake wote kwa mapafu ya mama, lilikuwa na kazi ya pili ambayo halikupewa jina: joto na moshi wake vilikausha mahindi ya uchagani. Familia iingiapo katika gesi bila kuyatafutia mahindi mahali pengine huondoa hatari moja na kuikaribisha nyingine. Tunahitaji waandishi watakaosema waziwazi kwamba jiko lisilo na moshi bado linahitaji dirisha, na kwamba nafaka ikaushwe vema juani, kwa mahindi mpaka unyevu ushuke kufikia takriban asilimia 13, kabla ya kuhifadhiwa.

HOJA ZA WAPINZANI

Kuna ndugu zetu watakaosema kwamba mjadala huu ni wa kujichosha, kwa kuwa watu huchagua maneno wenyewe. Watatukumbusha neno tarakilishi, lililoundwa kwa ustadi na kushindwa na kompyuta. Hoja hii ni nzito, na siipuuzi. Lakini tutazame pia neno barakoa. Kwa miaka mingi lilikuwa vazi la uso la wanawake wa mwambao, na wengi wa bara hawakulijua. Ulipoingia ugonjwa wa UVIKO-19 mwaka 2020, likapewa kazi mpya, na kwa muda mfupi kila mwenye duka alikuwa akilitamka. Tofauti ni kwamba barakoa ilikuja wakati watu walipolihitaji jina, nayo ilikuja pamoja na kitu chenyewe mkononi. Istilahi za jikoni nazo zitafaulu zikifika pamoja na dirisha, kitambaa kibichi na turubai la kuanikia.

Wengine watasema, kinyume chake, kwamba kulikubali neno spora ni kukata tamaa. Utaratibu wa kuunda istilahi hutuagiza tutafute kwanza katika Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na ndipo tuvuke bahari. Naukubali utaratibu huo. Lakini shabaha yake ni uwazi wa maana, na pale ambapo neno la nyumbani linapoteza maisha ya mtu na lile la kigeni halipotezi, sioni aibu ya kukopa.

MAPENDEKEZO

Kwa muhtasari napendekeza:

(a) Kuvu litumike kwa kundi zima la viumbe. Fangasi libaki kwa maradhi ya ngozi.

(b) Ukungu lisiachwe peke yake katika maelekezo, bali liandamane na jina la kitu ulipoota.

(c) Spora iwe istilahi, ikielezwa kwa wananchi kuwa ni vumbi la kuvu; vijidudu lisitumike kabisa kwa maana hii.

(d) Sumukuvu libaki jina la jumla, na isisitizwe kila mara kwamba njia yake kuu ni chakula, hali njia ya spora ni pumzi.

(e) Ubora wa hewa litumike penye kipimo, na usafi wa hewa pasipo kipimo. Hali ya hewa waachiwe watabiri wa mvua.

Kwa mujibu wa mapendekezo haya nilikiandika upya kipeperushi kile, na aya yake ya kwanza sasa yasomeka hivi: “Ukungu wa mahindi ni kuvu. Kuvu hutoa vumbi liitwalo spora, ambalo huelea hewani na kuweza kudhuru mapafu, hasa ya mwenye pumu au aliyepata kuugua kifua kikuu. Fungua dirisha upikapo, na lifunge wakati ukungu wa hewani ukitanda nje. Baadhi ya kuvu hutia sumu ndani ya punje. Sumu hiyo haiondoki kwa kupangusa wala kwa kupika. Mahindi yaliyoota ukungu yasiliwe na watu wala mifugo.”

Nilirudi nayo Lushoto nikamsomea mama yule. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie sentensi ya mwisho, kisha akatazama juu uchagani. “Hiyo nimeielewa, Mwalimu,” akasema. “Ila ni ngumu.” Ugumu huo istilahi haiwezi kuuondoa, maana ni ugumu wa gunia na wa njaa. Lakini angalau sasa alikuwa anaujua ugumu wenyewe, si kivuli chake.

Haya ni maoni yangu tu, nami sidai kwamba nimeyamaliza yote. Wasomaji wa Lushoto, Pemba, Makueni na kwingineko wanayo majina ya uoto huu ambayo hayajafika katika kamusi zetu. Nawasihi wayalete, pamoja na maelezo ya mahali yanapotumika na kitu yanachotajia, ili Baraza lipate kuyapima kabla kipeperushi kingine hakijapigwa chapa.